Namba Uwanjani: Michezo ya Hisabati kwa Wiki ya Kwanza ya Darasa la Kwanza

Nazungumza na walimu wa awali na darasa la kwanza, pamoja na wazazi, hapa Korogwe. Nimepewa mada ya michezo ya kuwachangamsha watoto wanapoanza shule, nikaambiwa niifunge kwenye hisabati. Nitaifunga kweli, hata ikibana kidogo, kwa sababu nina ugomvi na namna tunavyoelekezana jambo hili kwenye semina.

Ugomvi wenyewe ni huu. Mwalimu akiambiwa atumie michezo, mara nyingi anatoka na kitu cha namna hii: watoto wamesimama duara, wanaimba, wanapiga makofi, wanaruka, na katikati ya wimbo zinatajwa namba moja hadi kumi. Watoto wanafurahi, mwalimu anatokwa jasho, na kwenye andalio la somo panaandikwa kwamba wengi wamemudu kuhesabu. Mimi huuliza swali moja tu. Ukizitoa namba kwenye wimbo ule ukaweka majina ya matunda, mchezo utakwama? Kama hautakwama, basi ni mchezo mzuri wa kuimba, na watoto wanauhitaji, lakini msiuandike kwenye hisabati. Mchezo wa hisabati ni ule ambao namba ndiyo inayoamua nani asogee, nani abaki, nani aungane na nani. Ukiiondoa namba, watoto wanasimama wakitazamana.

Jambo hili limeshapimwa. Mwaka 2008 watafiti wawili wa Marekani, Robert Siegler na Geetha Ramani, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya na watoto wa shule za awali wanaotoka kwenye familia za kipato cha chini. Watoto walicheza mchezo wa ubao wenye vyumba kumi vilivyopangwa kwenye mstari mmoja. Kundi moja lilikuwa na ubao wa vyumba vyenye namba, 1 hadi 10. Kundi la pili lilipewa ubao wa umbo hilohilo, ila vyumba vyake vilikuwa na rangi tu. Walicheza vipindi vinne vya dakika kumi na tano kila kimoja, ndani ya wiki mbili, yaani saa moja kwa jumla. Waliocheza kwenye namba walitoka wanaelewa vizuri zaidi ipi kubwa na ipi ndogo, na ni kubwa kiasi gani. Wale wa rangi walitoka kama walivyoingia. Kwenye utafiti mwingine walijaribu ubao wa vyumba vinavyozunguka duara, na faida haikufikia ile ya mstari ulionyooka. Likumbukeni hilo la mstari, nitalirudia.

Sasa tuje kwetu. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto waliokuwa wakibaki nyumbani walikuja shule, na ni jambo la heri. Lakini kiwango kinachotajwa ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na ninyi mnajua zaidi yangu idadi mtakayoikuta mlangoni. Wapo waliopita darasa la awali, wapo ambao hawajawahi kushika penseli. Yupo anayeongea Kishambaa au Kizigua nyumbani, na Kiswahili amekizoea dukani na barabarani. Nitachukua mfano wa darasa la watoto 58. Hakuna mchezo wa katoni utakaowatosha hao. Mlicho nacho ni uwanja, majivu ya jikoni, kokoto, vizibo vya soda, filimbi na miili ya watoto wenyewe. Vinatosha.

Siku ya kwanza mtoto hajui jina la aliyeketi naye dawati moja. Anzeni hapo. Mtoto anasimama, anataja jina lake huku akipiga kofi kwa kila kipande. Ju-ma, makofi mawili. A-mi-na, matatu. Mwa-na-i-di, manne. Darasa zima linaitikia jina lile kwa makofi yaleyale, kisha mwenye jina anakimbilia mstari wake: wa makofi mawili kule kwenye mwembe, wa matatu karibu na bomba, wa manne mbele ya ofisi. Kiswahili kinatubeba hapa, maana silabi zake zinasikika bila kutafutwa. Ubishi utatokea kwa Neema. Wenzake watasema makofi mawili, naye atasema matatu. Msikimbilie kuamua. Mwambieni alitaje polepole, Ne-e-ma, na darasa lisikilize. Mtoto anayetetea hesabu yake mbele ya wageni siku ya kwanza ya shule amekupa zaidi ya kurasa tatu za kuandika moja, moja, moja. Ila msiwapitishe wote 58 mfululizo. Hawajafika ishirini, watakuwa wameshaanza kuvutana mashati. Pitisheni wachache, chezeni kingine, kisha mrudi.

Mistari ikishakamilika, ulizeni: mstari upi una watu wengi? Wengi watanyoosha kidole kwenye mstari mrefu. Hapa tunamkuta Jean Piaget, yule Mswisi aliyetumia miaka mingi akiwauliza watoto maswali yanayoonekana ya kipuuzi. Alionyesha kwamba mtoto mdogo akiona safu mbili zenye vitu sawa kwa idadi, na moja imetawanywa, husema iliyotawanywa ina vingi. Uwanjani mtaliona bila maabara. Wa makofi mawili wamebanana chini ya mwembe kwa kukimbia jua, wa matatu wametandaa hadi kwenye geti. Msiwaambie jibu, na msihesabu kwa niaba yao. Waambieni mstari mmoja usogee, kila mmoja amshike mkono mwenzake wa mstari wa pili. Wanaobaki mikono mitupu ndio jibu, nao watapiga kelele wenyewe. Hapo mmefundisha kulinganisha, mmefundisha tofauti, mmechora chati ya watu walio hai, na chaki bado iko kwenye boksi.

Mchezo wa makundi nadhani mnaujua wote. Watoto wanazunguka uwanjani, filimbi inalia, mwalimu anaita "watatu watatu!" na kila mtu anatafuta wenzake wawili haraka. Kwa namba umepita mtihani wangu, maana bila namba hakuna kundi. Lakini namna tunavyoucheza tunauharibu, tena pale palipo na utamu. Anayebaki bila kundi tunamtoa nje. Hebu fikirini nani hutoka wa kwanza. Ni yule mwenye aibu, yule aliyehamia juzi na hana rafiki, na yule ambaye bado hatofautishi nne na tano akiwa mbioni. Yaani anayehitaji mazoezi kuliko wote anaketi chini ya mti kuwatazama wanaojua wakizidi kujua. Mchezo wa kutoana nje ni wa kuwafurahisha washindi, na katika wiki ya kwanza ya shule sioni nafasi yake kabisa.

Fanyeni hivi. Anayebaki anakuja upande wa mwalimu na kuwa mwita namba, kisha anarudi mchezoni. Wakibaki wawili, wanashauriana ni namba gani iitwe tena. Katika darasa letu la 58, mkiita watatu watatu mtapata makundi 19 na mmoja atabaki. Huyo mmoja akichagua wanne, mtapata makundi 14 na watabaki wawili. Wawili wakichagua watano, makundi 11 na watatu wanabaki. Kabla ya siku ya nne mtaona jambo la kuchekesha: watoto wataanza kutamani kubaki, kwa sababu wanaobaki wana mamlaka. Mwingine atakuja kunong'ona kwamba ukiita wawili wawili hapati mtu nafasi ya kuita. Kweli, 58 kwa wawili haibakizi kitu. Mtoto huyo ameshaigusa shufwa na witiri kabla mtaala haujamfikia, na hakuna aliyemfundisha.

Kisha iteni "kumi kumi!", nao washikane mikono wasiachie. Makundi matano, na wanane wamesimama kando. Waulizeni wale wanane: mmepungukiwa na wangapi? Watajihesabu, watahesabu vidole, watabishana, watafika kwenye wawili. Halafu simameni na darasa zima mhesabu mafungu, bila kuhesabu vichwa: kumi moja, makumi mawili, makumi matatu, makumi manne, makumi matano, na wanane. Ndiyo hamsini na nane. Hapa nina sababu ya kusisitiza. Kuhesabu kwa Kiswahili kutoka kumi na moja hadi kumi na tisa kunamsaidia mtoto, maana anasikia kumi, na anasikia kilichozidi. Lakini akifika ishirini, thelathini, arobaini, sauti ya kumi imepotea, anakariri kama mashairi. Mtoto aliyewahi kuwa sehemu ya fungu la kumi, akiwa ameshika mkono wa mwenzake mwenye jasho, atajua ishirini ni nini kabla hajaiona ubaoni.

Niweke neno moja hapa kuhusu wazee. Ziko nyumba katika mkoa wetu, na kwingine Afrika Mashariki, ambamo watu hawapendi watoto wahesabiwe kwa kunyooshewa kidole mmoja mmoja. Msibishane na bibi ya mtoto. Wekeni beseni mlangoni, kila mtoto anayeingia adumbukize kokoto moja. Kisha mnahesabu kokoto, mnazipanga kumi kumi, na mahudhurio ya siku yamepatikana. Bibi ameheshimiwa, na mtoto amejifunza kwamba kokoto inaweza kusimama badala ya mtu.

Tukiwa bado kwa wazee, tazameni mikono. Claudia Zaslavsky, mwalimu wa hisabati wa Marekani, alichapisha mwaka 1973 kitabu kiitwacho Africa Counts, na ndani yake Washambaa wetu wamo. Anaeleza wanavyoonyesha sita kwa vidole vitatu kila mkono, saba kwa vinne na vitatu, na nane kwa vinne na vinne. Watoto wengi waliopita awali watawaonyesha sita kwa kiganja kizima na kidole kimoja. Zote ni sita. Mchezo ni rahisi na hauhitaji hata uwanja: mwalimu anaita namba, watoto wanaficha mikono mgongoni, wanahesabu kimya, na kwa filimbi mikono yote inaruka juu. Kwa mara moja unaona mikono ya watoto 58, na macho yako yanatua kwa wale wanaochungulia wenzao. Kisha unasema: nionyesheni sita kwa namna nyingine. Mtoto wa kutoka Soni au Bumbuli aliyekuwa kimya wiki nzima anaweza kuwa wa kwanza kuinua tatu na tatu, kwa sababu ameona babu yake akifanya hivyo sokoni. Msimpite haraka. Mwiteni mbele.

Sasa ule mstari niliowaahidi. Chukueni majivu, choreni vyumba kumi na kimoja, kuanzia sifuri hadi kumi, kutoka kushoto kwenda kulia. Vyumba viwe sawa. Pimeni kwa fimbo, maana chumba kikubwa kikifuatiwa na kidogo kinamdanganya mtoto kuhusu umbali wa namba. Kwa darasa letu itakuwa mistari sita, kila mmoja na watoto tisa au kumi. Badala ya dadu tumieni vizibo viwili vya soda. Mtoto anarusha. Kilicholala kwa mgongo ni moja, kilicholala kifudifudi si kitu. Vyote viwili vikilala kwa mgongo anaruka vyumba viwili, kimoja anaruka kimoja, na vikiwa vyote kifudifudi anabaki palepale. Sifuri, ambayo vitabuni huja imekunjamana mwishoni mwa sura, hapa inakuwa jambo linaloudhi sana, na mtoto haisahau.

Kuna kitu kidogo ambacho walimu wengi hukipita. Mtoto amesimama kwenye tano na amepata mbili. Atarukaje? Tukimwacha atasema "moja, mbili." Mfundisheni aseme "sita, saba," yaani ataje chumba anachokanyaga. Elida Laski na huyohuyo Siegler walichapisha mwaka 2014 kazi iliyoonyesha kwamba watoto waliotaja namba za vyumba walivyopita walijifunza zaidi ya wale waliohesabu hatua zao upya kuanzia moja, ingawa wote walicheza mchezo mmoja. Hii ni nidhamu ya mdomo tu. Haigharimu senti.

Kuruka kamba na rede sitazieleza kwa urefu. Zina kuhesabu, lakini watoto wa miaka sita wanahangaika na kamba hadi wanasahau namba, na rede ya watu 58 mwisho wake ni kilio. Na bao, ambalo hutajwa kila panapozungumzwa hisabati za Kiafrika, nalipenda kuliko michezo yote ya mezani, lakini si la wiki ya kwanza. Waachieni wazee wa barazani, nanyi mlilete mwaka wa tatu.

Mdako ni habari nyingine. Shimo dogo ardhini, kokoto kumi na mbili, na jiwe la kurusha. Unalirusha juu, unakomba kokoto nje ya shimo, unalidaka. Unarusha tena, unarudisha zote isipokuwa moja. Ukimaliza mojamoja, unaingia mbilimbili, kisha tatutatu, kisha nnenne. Tazameni namba hiyo kumi na mbili: inakubali kote huko bila baki. Ukifika tanotano inagoma, zinabaki mbili, na watoto hutunga sheria yao ya kuzishughulikia. Waulizeni sheria yao ni ipi, na kijiji kingine je? Wasichana wengi huja shule wakiwa mafundi wa mchezo huu, na sisi tunawapa vijiti wahesabu hadi tano kana kwamba hawajui lolote. Chukueni kipindi kimoja, waketi chini watano watano kwenye mashimo yao, wasichana wawafundishe wavulana. Mwalimu asiongee. Azunguke na daftari.

Daftari hilo ndilo lililonileta hapa. Michezo ya wiki ya kwanza inamfundisha mwalimu kuliko inavyomfundisha mtoto. Mwaka 1978 Rochel Gelman na Randy Gallistel waliandika kitabu kuhusu namna mtoto mdogo anavyoelewa idadi, wakataja mambo matano anayopaswa kuyashika ili kuhesabu kwake kuwe kuhesabu kweli. Nitachukua mawili. La kwanza, kila kitu kipate namba moja tu, kisirukwe wala kisirudiwe. La pili, namba ya mwisho kutajwa ndiyo idadi ya vyote. Hilo la pili ndilo linalowaponyoka wengi. Mtoto anahesabu kokoto zake vizuri, moja hadi tano. Unamuuliza, "Kwa hiyo ni ngapi?" Naye anaanza tena, moja, mbili, tatu. Kwake, kuhesabu ni wimbo unaoimbwa ukiguswa na swali. Mtihani wa karatasi hauwezi kumwona mtoto huyu, ila pembeni ya shimo la mdako utamwona kwa sekunde kumi. Andika jina lake. Andika pia anayeruka kokoto, anayesubiri wenzake waende ndipo aende, na yule anayejua kila kitu na ameshachoka. Tangu mwaka 2015 tumeambiwa madarasa ya kwanza na ya pili yajikite kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Ni sawa kabisa. Lakini kuhesabu kwa watoto 58 hakuanzi mahali pamoja, na mwishoni mwa wiki daftari lako litakuonyesha wanaanzia wapi.

Mtoto mwenye kiti cha magurudumu au anayechechemea asifanywe refa kila siku. Hiyo ni njia yetu ya adabu ya kumtoa nje. Kwenye mstari wa majivu apangiwe vyumba vipana na asukumwe na mwenzake aliyemchagua, ila namba aseme yeye. Na kwa mtoto asiyeona, majivu hayafai. Lazeni kamba ardhini yenye fundo kila chumba, aipite kwa nyayo au vidole.

Najua mtakachoulizwa. Mzazi amenunua sare, madaftari na viatu, anapita barabarani Jumatano anaona mwanawe anakimbia na vumbi hadi magotini. Atasema amemleta asome, si acheze. Mthibiti ubora naye anaweza kufika siku hiyohiyo akitaka kuona madaftari yaliyosahihishwa. Kwa mthibiti mna daftari lenu: majina, tarehe, nani anajua nini. Ni ushahidi mzito kuliko vema hamsini na nane zilizopigwa kwa wino mwekundu.

Kwa mzazi, msimweleze. Kikao cha kwanza cha wazazi, kabla ya ajenda ya chakula cha mchana na madawati, watoeni nje wote, pigeni filimbi, mwite "wanne wanne!" Mwenyekiti wa kamati ya shule akibaki peke yake katikati ya uwanja, akiulizia kwa sauti ni nani amekosea kuhesabu, mnaweza kurudi ndani mkaendelea na madawati.